Lynnet Yuko Juu

Asubuhi ile Lynnet alikuwa na jambo moja tu la kumwambia Mniko, na laiti angelisema mara tu alipofika, huenda mkono wa mtu usingevunjika. Lakini nani alikwambia mapenzi yana haraka ya maana? Alimkuta Mniko amepiga magoti mchangani kando ya boti, shati limelowa jasho mgongoni, plagi ya mashine ameibana kwa meno huku vidole vikihangaika na nati. Akasahau alichojia. Akasimama kumtazama.

"Ukiendelea kunitazama hivyo nitaifunga hii nati kinyume," Mniko alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nani mwingine kwenye ufuo huu ananukia mafuta ya nazi saa mbili asubuhi? Wengine wote wananukia omena."

Lynnet alicheka, akaweka beseni lake chini. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mchuuzi wa samaki tangu amalize shule, na ulimi wake uliogopwa na madalali wote wa Homa Bay. Mbele ya Mniko, hata hivyo, ulimi huo ulikuwa mzito. Alipapasa fundo la leso kiunoni. Ndani ya fundo kulikuwa na kijiti cheupe kilichofungwa kwa karatasi ya chooni, na kijiti hicho ndicho kilichomleta.

"Mniko, nina neno."

"Mimi pia ninalo. Njoo kwanza uwashe mashine, nione kama mwanafunzi wangu bado ana akili."

Hivyo ndivyo walivyoanza, miezi sita nyuma. Cephas, kaka yake Lynnet na mwenye boti, alimwita fundi kutoka Migori baada ya mafundi wa karibu kushindwa. Akaja Mkurya mmoja mrefu kutoka upande wa mpakani, Kiswahili kimenyooka kama cha watu wa Tarime, mikono myeusi kwa grisi. Alikuja kwa siku mbili. Mashine ikapona, fundi hakurudi kwao. Alikodi chumba, akawa anatengeneza mashine za ufuo mzima, na jioni akimfundisha dada wa mwenye boti kuwasha mashine ya farasi kumi na tano, mkono wake juu ya mkono wa Lynnet. Ilipofika wiki ya pili hakuna aliyekuwa anafikiria mashine tena.

Lynnet aliingia botini, akabonyeza kipira cha petroli mara tatu, akavuta choki, akashika kamba. Akavuta. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

"Unavuta kwa hasira," Mniko alisema. "Mashine haitaki ukali. Vuta kama unamwita mtu unayempenda."

"Na kama ninayempenda ana masikio mazito?"

"Basi mwite mara mbili."

Akavuta tena. Mashine ikaitika. Mniko akaizima, akabaki ameegemea ubavu wa boti, akimtazama. Ng'ambo ya maji mabati ya Homa Bay yaling'aa kwenye jua la asubuhi.

"Ni siku ya nane leo," Mniko alisema polepole. "Mimi nahesabu pia. Ulidhani sihesabu?"

Lynnet aliona matumaini katika uso ule, na matumaini hayo yalimchoma. Alifungua mdomo amwambie. Hapo ndipo alipomwona kaka yake akiteremka kutoka kwenye vichanja vya samaki, kasia mkononi, Joash na vijana wengine wa boti nyuma yake.

Sasa, msomaji wangu, kabla kasia halijafika, lazima ujue desturi ya ufuo wa Kogutu, maana bila hiyo utadhani watu hawa walirogwa.

Marehemu baba yao alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Mwanamke aliye katika siku zake hakanyagi boti, hagusi wavu, wala hateremki kupita mstari wa mikonge unaotenga ufuo na vibanda. Siku hizo hubaki juu, kwenye vibanda, na mwenzake humchukulia beseni. Watu hawakutaja damu. Walisema tu, "Leo fulani yuko juu," na kila mtu akaelewa. Kwa hiyo ile siri ambayo wanawake wa kwingine humwambia daktari, tena kwa kunong'ona, Kogutu ilijulikana na kila mvuvi. Kwa miaka kumi Lynnet alikuwa juu kila mwisho wa mwezi, siku nne, bila kukosea. Beseni lake lilichukuliwa na jirani yake Filister, aliyechechemea mguu mmoja, ambaye wote walimwita Mama Tony. Cephas hakuhitaji kalenda ukutani. Dada yake akipanda juu, alijua mwezi umekwisha.

Mwezi uliopita mambo yalivurugika. Katikati ya mwezi, siku ambazo si zake, Lynnet alikaa juu siku mbili. Watu wakatazamana. Kisha mwisho wa mwezi ukafika na Lynnet akateremka na beseni lake kama kawaida. Akateremka kesho yake. Na kesho kutwa. Katika siku hizo hizo nyavu za Cephas zilirudi zimeraruka, mara mbili.

Sababu ilikuwa Migori. Wiki nne zilizopita mpira wao wa kinga ulipasuka. Mniko ndiye aliyesema asubuhi ile ile waende kutafuta dawa, na wakaenda mpaka Migori, kwa sababu katika maduka ya dawa ya Homa Bay kila kaunta ina shangazi wa mtu. Mwenye duka, dada mmoja aitwaye Liz, aliwapa vidonge vya P2 na kuwaeleza bila kuwaonea haya. Hii si dawa ya kutoa mimba, alisema. Inalichelewesha yai lisitoke, basi. Kama mimba imeshashika, haiifanyi kitu.

"Lakini siku zako zitakuchezea mwezi huu," Liz aliongeza. "Zinaweza kuja mapema, zinaweza kuchelewa. Zinaweza kuwa nyingi ama kidogo. Unaweza kuona matone katikati. Usikimbie kwa mganga. Ukipita wiki moja baada ya tarehe yako, pima."

Mniko alisimama pale akiwa ameshika mkoba wa Lynnet, mwanamume mzima, bila aibu. Walipotoka nje alisema, "Siku moja nitarudi duka hili kununua nepi." Lynnet alimpiga kofi la mgongo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo sababu leo, akiwa na kijiti chake kwenye leso, hakujua aanzie wapi.

Cephas alifika. Hakuwasalimu. Akiwa na dada yake peke yake angesema Kijaluo, lakini alisema Kiswahili makusudi, fundi asikose hata neno.

"Lynnet. Mbona uko chini?"

"Niko kazini. Kwani leo ni Jumapili?"

"Nimekuuliza kitu moja. Mbona uko chini? Mwezi imeisha. Wiki ya kwanza imeisha. Wewe kila siku uko chini, unakanyaga boti ya Baba, unashika samaki. Na nyavu zangu zinatoka kama zimetafunwa na fisi."

"Nyavu zimeraruka kwa mawe, Cephas. Umezitupa kwa mawe kwa sababu ulikuwa umelewa."

Vijana waliangua kicheko, wakakimeza haraka. Shingo ya Cephas ilivimba. Alilielekeza kasia kwa dada yake.

"Sikia, nyaminwa, dada yangu. Ni mambo mbili tu. Ama uko na damu na unaificha, umeleta kwer, mwiko mkubwa, kwa boti ya Baba, watu wangu wazame. Ama hauna damu, na huyu jamwa, huyu mtu wa kuja, amekupatia mimba. Chagua moja. Sasa hivi, mbele ya hawa watu."

Kote ufuoni mikono ilisimama. Wanawake waliacha kugeuza dagaa wa omena vichanjani. Lynnet alihisi macho yote yakimtazama tumbo, na hasira ikampanda mpaka masikio yakalia. Tangu lini mwili wake umekuwa mali ya kikao?

"Sina hiyo ya kwanza, sina hiyo ya pili," alisema.

"Kuna ya tatu?"

Ya tatu ilikuwepo, nayo iliitwa P2. Lakini kuitaja pale, mbele ya wanaume ishirini na mama zao, ni sawa na kuvua nguo.

"Cephas," Mniko alisema kwa upole, akijifuta grisi. "Muulize dada yako kwa heshima."

"Wewe nyamaza! Nilikuita utengeneze mashine, si dada yangu!"

"Mimi na yeye tuna mazungumzo yetu. Nilikuwa nije kwako na wazee, kwa utaratibu."

"Wazee gani? Wa wapi? Mtu wa kwenu akanyage boma ya Baba?" Cephas aliinua kasia. "Lynnet, jibu, ama nimpasue huyu mbele yako!"

Ndipo Lynnet alipofanya kosa lake. Alitaka tu kuokoa kichwa cha Mniko. Alifungua fundo la leso, akachana karatasi, akainama kutoka botini, akakisukuma kijiti kwenye kifua cha kaka yake.

"Haya! Nimepima leo alfajiri! Soma mwenyewe, kama unajua kusoma!"

Cephas alikipokea. Alikigeuza. Katikati ya kile kidirisha kidogo kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, umesimama wima. Alikitazama kwa muda mrefu, na Lynnet akaona jambo la ajabu, kwamba kaka yake, aliyejua kusoma mawingu na maji na moshi wa mashine, hakujua kusoma hiki. Cephas akamwonyesha Joash. Joash alikuwa amefika kidato cha pili, basi pale ndiye aliyekuwa msomi wao.

Joash alikunja uso. "Mstari ni moja," alisema. Akahesabu tena kwa kidole. "Moja. Sasa hiyo ni mtoto mmoja. Zingekuwa mbili, ni mapacha."

"Hapana!" Lynnet alipiga kelele. "Wewe punda, mstari mmoja ni..."

Lakini hakumaliza, kwa sababu alimwona Mniko. Uso wa Mniko ulikuwa umefunguka wote. Mdomo ulitetemeka, macho yakajaa maji, na lile tabasamu lililotokea Lynnet hakuwahi kuliona hata katika saa zao tamu. Lilimkata maneno. Kwa pumzi moja tu alimwacha mpenzi wake awe baba, na pumzi hiyo ilitosha.

"Lynnet," Mniko alinong'ona. "Kumbe! Kumbe dawa ilishindwa!" Kisha akamgeukia Cephas, mikono wazi, kama mtu anayekwenda kumkumbatia ndugu. "Shemeji, mtoto ni wangu. Sikatai. Nitaleta ng'ombe..."

Kasia lilishuka.

Mniko aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, na mfupa ukalia, sauti kavu iliyosikika mpaka kwenye vichanja. Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake unaning'inia vibaya, akashangaa, kisha Cephas akampiga tena, mbavuni, akaenda chini.

"Shemeji? Mimi shemeji yako?" Cephas alifoka. "Mimi shemeji yako?"

Pigo la tatu halikufika. Mniko alibingirika, mkono wa kulia ukakuta spana kubwa mchangani, akaizungusha akiwa bado amelala. Ilimpata Cephas mdomoni. Meno yakatoka na damu. Cephas alianguka kwa magoti, na Mniko akasimama juu yake, spana imeinuliwa, kifua kinapanda na kushuka. Hasira za kwao zilikuwa zimempanda sasa. Pigo moja la utosini na Cephas angekuwa wa kuzikwa. Wanawake walipiga ukunga. "Uwiii!"

Mniko aliinua macho, akamtafuta Lynnet. Akampata. Lynnet alimtazama, naye Mniko akakumbuka mtu aliyepiga magoti mbele yake ni tumbo moja na nani. Taratibu aliishusha spana.

Kutazamana huko kuliwagharimu. Joash alimjia kwa nyuma na jiwe la nanga, akampiga kisogoni. Mniko alianguka kifudifudi ndani ya maji. Cephas, damu ikimtiririka kidevuni, akamrukia mgongoni, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akakizamisha.

Maji yalichemka kwa mateke ya Mniko. Mkono mmoja mzima ulipapasa hewa, ukakosa cha kushika. Vijana waliokuja kushabikia waliacha kushabikia. Hakuna aliyesogea.

Lynnet hakukumbuka kuruka kutoka botini. Joash alipomshika alimng'ata kiganja mpaka akahisi ladha ya chumvi, akamsukuma, akaokota kasia. Lilikuwa kasia la baba yao, mpini umelainishwa na kiganja cha marehemu kwa miaka thelathini. Akalipiga kwenye mgongo wa kaka yake kwa nguvu zote za mwanamke anayebeba mbuta wa kilo arobaini kila siku. Akapiga tena. Cephas aliachia. Lynnet alimvuta Mniko kwa shati mpaka kichwa kikatoka majini, akamgeuza. Mniko alitapika maji, akakohoa, akavuta pumzi ndefu ya kukwaruza. Nyuma ya kichwa ngozi ilikuwa imefunguka na damu ilitoka kwa wingi.

"Mmemaliza?" Lynnet aliwauliza wote. Sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo maana walisikia. "Mmefurahi? Basi sasa mtasikia ile ya tatu. Nililala na Mniko. Ndiyo. Mama Tony, ziba masikio kama unataka. Mpira ulipasuka, nikameza P2. Siku zangu zikavurugika. Zilikuja kidogo katikati ya mwezi, halafu zikachelewa. Huwa inafanya hivyo! Daktari wa duka aliniambia! Na mstari mmoja si mtoto mmoja, enyi wajinga. Mstari mmoja ni hakuna. Hakuna kitu! Mmetaka kuua mtu kwa ajili ya hakuna kitu!"

Cephas alikuwa ameketi kwenye maji ya magoti, mkono mdomoni. Mniko, kichwa kwenye mapaja ya Lynnet, alifumba macho, na Lynnet alijua halikuwa jeraha peke yake lililomfumbisha.

"Anatoka damu sana," Filister alisema, akiwa ameshafika na kuchuchumaa kando yao. "Huyu anatakiwa hospitali, nyathina, mwanangu. Haraka."

Barabara? Mvua ya juzi ilikuwa imekula daraja, bodaboda ingezunguka kwa saa mbili nzima. Maboti mengine ya mashine yalikuwa bado ziwani, na yaliyobaki yalikuwa ya kasia. Mashine iliyokuwa ufuoni ilikuwa moja tu, ile aliyoitengeneza Mniko asubuhi ile. Na Homa Bay ilikuwa pale mbele, inaonekana kwa macho.

"Saidia nimwingize," Lynnet alisema.

Aliinama kumnyanyua, na hapo hapo, kwenye kiuno, akahisi kitu kikikaza na kuachia. Joto likamshuka mapajani. Alilijua. Mwanamke haulizi. Siku nane alikuwa akilisubiri, akiamka usiku kwenda kulitafuta, na limekuja saa hii, miguu yake ikiwa kwenye maji ya baba yake na mkono wake kwenye boti ya baba yake. Alicheka kicheko kifupi kibaya.

Angeweza kunyamaza. Leso ilikuwa imelowa maji na damu ya Mniko, nani angejua? Lakini alikuwa amechoka kujulikana kwa kunong'onwa. Alinyooka.

"Cephas! Ulitaka kujua. Leo niko juu!"

Mnong'ono ukapita ufuoni.

"Nimeanza sasa hivi. Niko juu, na naingia boti ya Baba. Nitaiwasha kwa mkono wangu, na nitapeleka huyu mtu hospitali. Anayetaka kunizuia akuje."

"Ni kwer," Joash alisema akishika kiganja chake kilichong'atwa. "Itaua sisi wote."

"Iliyotaka kuua leo ilikuwa wewe na jiwe lako."

Cephas alisimama akipepesuka. Kamba ya boti ilikuwa imefungwa kwenye kigingi. Aliishika, akaizungusha mkononi. "Hapana," alisema, na maneno yalimtoka yamevunjika kwa sababu ya meno. "Lynnet, hapana. Baba..."

"Baba alikufa akiwa kwa hii boti akienda hospitali. Ungekuwa wewe ndiye unatoka damu, ningeuliza kama niko juu ama chini?"

Cephas hakuachia kamba. Walitazamana, kaka na dada, na kwa muda hakukuwa na mtu ambaye angejua nani atashinda. Kisha Filister akapita katikati yao, mguu wake mbaya ukivuta maji, akatoa kisu chake cha kupasulia samaki wa ngege, akaikata kamba kwa mkono mmoja.

"Na mimi pia niko juu," Filister alisema, akaupandisha mguu botini.

Mama Tony alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mara ya mwisho kukaa juu, Lynnet alikuwa bado shule ya msingi. Mwanamke mmoja kule kwenye vichanja alianza kucheka, akaziba mdomo kwa leso, akashindwa.

Walimlaza Mniko juu ya nyavu. Filister akakandamiza kisogo chake kwa kitambaa chake cha kichwa. Lynnet alibonyeza kipira, akavuta choki, akashika kamba na kuvuta. Mashine ilikohoa. Akavuta tena kwa hasira zote, hasira ya miaka kumi ya kuhesabiwa, na mashine, ambayo haikutaka ukali, ikanguruma. Boti ikarudi nyuma, ikageuka. Moshi mweusi ukawafunika, mashine ikaanza kusongwa, ikataka kuzima.

"Choki!" Sauti ilitoka ufuoni. Alikuwa Cephas, maji yamemfika kiunoni, mikono miwili mdomoni kwenye damu. "Lynnet! Rudisha choki ndani!"

Aliirudisha. Mashine ikapumua. Alipogeuka, kaka yake alikuwa bado amesimama pale pale majini, hajafuta uso.

Katikati ya maji Mniko alifumbua macho. Filister aligeuka kutazama upande mwingine, mama mwenye adabu zake.

"Kwa hiyo hakuna," Mniko alisema.

"Hakuna. Nilikuja kukwambia asubuhi. Ulikuwa unatabasamu, nikashindwa."

"Nilikuwa baba kwa dakika moja."

"Ulikuwa mjinga kwa dakika moja. Ulitangaza tumbo langu mbele ya watu, Mniko. Hukuniuliza. Ulimgeukia Cephas, ukamwahidi ng'ombe, mimi nimesimama hapo kama ng'ombe mwenyewe." Machozi yalikuwa yakimshuka, na mkono wake haukutoka kwenye usukani wa mashine. "Usinifanyie hivyo tena maishani mwako. Nakupenda mpaka nimempiga kaka yangu kwa kasia la Baba. Lakini usinifanyie tena."

Boti iliruka wimbi dogo, Mniko akakunja uso kwa maumivu.

"Sitarudia," alisema. "Nisamehe." Kisha akaongeza, "Hizo siku zako. Zinauma leo?"

Lynnet alimtazama mwanamume yule, mkono umevunjika, kichwa kimepasuka, anamuuliza yeye kama anaumwa. Aliitikia kwa kichwa, na Mniko akainua mkono mzima, akauweka juu ya goti la Lynnet, akauacha pale mpaka gatini.

Hospitalini walimpokea kwa kitanda cha magurudumu. Muuguzi mwenye miwani alikuwa akiandika huku akitembea.

"Jina?"

"Mniko."

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake," Lynnet alisema, na kwenye kitanda Mniko akageuza kichwa, ingawa walimwambia asikigeuze.

"Hajaulizwa bado," Lynnet alimwambia muuguzi. "Lakini andika. Hatakataa."

"Sikatai," Mniko alisema.

Muuguzi aliandika. Kisha akainua macho, akaitazama leso ya Lynnet kutoka kiunoni mpaka chini, akashtuka, kalamu ikasimama.

"Mama, hiyo damu yote ni yake?"

Lynnet alijitazama. Ya Mniko ilikuwa mbele, imeanza kukauka. Nyingine ilikuwa mbichi, nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwanamke hakutafuta mahali pa kukaa aifiche.

"Nyingine ni yangu, sista," alisema. "Hiyo si ya kutibu. Nipatie tu pedi."